Pacha Niliyemkwangua kwa Wembe

Vijana wa studio, mmenipa keki, mmenipa kitenge, mmenipiga picha zaidi ya mia kwa simu zenu, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kunisogezea kiti kwenye mwanga mzuri. Halafu mkaniomba niandike "kitu kidogo juu ya technique". Nimestaafu wiki tatu sasa. Magoti yananiuma, macho nimeyaacha kazini, lakini muda ninao, basi nitaandika. Habari za vyeo msitegemee, maana studio yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye studio na asiye mwenye studio. Za mshahara nazo tuziache zipumzike.

Kazi yangu iliitwa retushi. Ninyi leo mnapitisha kidole juu ya simu na chunusi inaondoka, shingo inanyooka, mama wa miaka sitini anatoka akiwa na thelathini. Sisi tulifanya uongo huohuo kwa penseli na wembe, juu ya negatifu, ile filamu ambayo mtu mweusi anatoka mweupe na shati jeupe linatoka jeusi. Penseli inaziba makunyanzi. Wembe unakwangua dawa ya filamu taratibu mpaka kitu kinatoweka: kovu, nzi, mlingoti wa umeme uliosimama juu ya kichwa cha bwana harusi. Kwa penseli unaweza kukosea, ukafuta. Kwa wembe huwezi.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka shule ya masista ambako nilifundishwa kuchora maua. Baba yangu, fundi wa reli aliyetoka Kabalo, alinisindikiza mpaka mlango wa studio ya Papa Kitenge pale mtaa wa Kamalondo, huku kwetu Katanga, akanikabidhi. Papa Kitenge alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti la kazi lililochomwa na dawa. Alinipa penseli na kipande cha msasa, akasema neno moja tu, "Chonga." Nikachonga mpaka saa sita. Nilipompelekea aliigeuza mbele ya dirisha, akaniangalia kwa huruma.

"Hii unaweza kuchomea nayo nyama," akasema. "Mi nataka sindano."

Siku ya tatu nilimpa sindano. Ndipo aliponikalisha kwenye meza ya retushi, yenye kioo kinachorusha mwanga wa dirisha juu ya filamu, akanifundisha jambo moja ambalo naomba mlisome polepole. Negatifu ina nyuso mbili, upande unaong'aa na upande wenye dawa. Penseli na wembe vinashika kwenye dawa tu. Lakini ukitazama upande wa dawa, picha imejigeuza, kama unavyojiona kwenye kioo. Mtu ambaye kwenye karatasi amesimama kushoto, hapo mezani yuko kulia.

"Kwa hiyo mbele ya kugusa mutu," Papa Kitenge akasema, "unageuza filamu mara tatu. Ya kwanza kwa kuangalia, ya pili kwa kuhakikisha, ya tatu sababu weye ni mujinga kama bantu bote."

Miaka ile kazi yetu kubwa ilikuwa tai. Rais alikuwa amezipiga marufuku kwa sababu ni vazi la wakoloni, na kila mkubwa alipaswa kuvaa abacost, lile koti lisilotaka tai. Sasa wakubwa hao wote walikuwa na picha zao nzuri za zamani, sebuleni, wamevaa tai. Wakaja mmoja mmoja, mlango wa nyuma. Nimekwangua tai za madaktari, za wakurugenzi, za katekista mmoja aliyelia machozi. Majina ya ubatizo nayo yalikatazwa, hivyo kwenye daftari la studio Régine akafa, nikabaki Ngoie. Hakukuwa tena na bwana wala bibi, sote tulikuwa citoyen na citoyenne, yaani raia tu. Nilidhani hapo ndipo ujinga wa serikali unapoishia. Nilikuwa mdogo.

Kisha ikaja vita ya Angola. Radio ilisema ukomunisti unakuja kutoka baharini, umepewa silaha na watu wa mbali, na kwamba vijana wetu wanakwenda kuusimamisha hukohuko kabla haujavuka mpaka. Watu wengine wa mbali zaidi, walioogopa ukomunisti kuliko sisi, walikuwa wanalipia risasi. Sisi tulitakiwa kutoa vijana tu. Walituambia vita iko mbali sana. Baba alicheka bila furaha. Treni zake zilikuwa zikienda huko na shaba na kurudi na unga, na sasa njia ilikuwa imefungwa, yeye na wenzake wanakaa stesheni wakipiga soga kutwa nzima.

Kaka yangu alikuwa kwenye vijana wa chama na aliimba nyimbo za vita mpaka sauti ikakauka. Baba alimwuliza mkomunisti amemkosea nini. Kaka akamwita baba msaliti, kwenye meza, bukari, ugali wetu, ikiwa bado ina moshi. Kuanzia siku hiyo baba alikula ndani na kaka alikula uani, na mama akawa anabeba sahani mbili za mboga kwa njia mbili. Ilikuwa hivyo mji mzima. Pale kanisani kwaya iligawanyika, sauti za juu zikikataa kuimba na sauti za chini. Studio ikajaa. Nusu ya wateja walikuwa askari waliotaka picha kabla ya kuondoka. Nusu walikuwa familia waliotaka mtu aondolewe.

Maana lazima mwelewe: wapo watu wa Katanga, askari wa zamani, waliokimbilia Angola miaka ya nyuma baada ya kushindwa hapa. Sasa walikuwa wanapigana upande wa wakomunisti. Hakuna aliyekuwa amesoma kitabu chochote, ila waliwachukia waliokuwa wanatutawala. Kila aliyekuwa na mjomba huko alianza kumwogopa mjomba wake ukutani. Wiki moja nililetewa picha ya harusi na watu wa bibi harusi, wakitaka upande wa bwana harusi utolewe. Ijumaa ikaja picha ileile na watu wa bwana harusi, wakitaka upande wa bibi harusi utolewe. Nikamwuliza Papa Kitenge tufanyeje.

"Tukibasikiliza bote," akasema, "itabakia paka keki." Yaani keki tu, bila watu.

Mwenye kutufundisha ukomunisti ni nini alikuwa citoyen Mwamba, mkubwa wa chama wa avenue yetu, yaani mtaa wetu. Alikuwa mtu mnene, mpole kwa wakubwa wake tu, na tai yake nilikuwa nimeikwangua mimi mwenyewe. Alituita sote uwanjani Jumamosi asubuhi, kwa lazima.

"Bakomunisti banakuya!" akapiga kelele. "Kule kwabo kila kintu ni cha bantu bote! Nyumba ni ya bote, mbuzi ni ya bote, hata bibi ni wa bote!"

Mama mmoja akanyanyua mkono. Aliuza samaki wakavu wa Kilwa, ile ya ziwani kwetu, pale soko la Kenya, mtaa wa jirani, na wote tulimwita Mama Mapasa, jina la kila mama aliyezaa pacha. "Na bukari, citoyen? Nayo ni ya bote?"

"Nayo ni ya bote!"

"Basi bakuye mbio. Mi iko siku mbili minalala na njaa."

Uwanja mzima ukacheka. Mama Mapasa alifagia ua wa ofisi ya chama kwa wiki nzima kwa sababu ya kicheko hicho, na Mwamba, ambaye hakusahau kitu chochote isipokuwa ahadi zake, akaanza kupita nyumbani kwake kumchunguza.

Wanawe walikuwa Pierre na Paul, majina ya ubatizo ambayo mama yao alikataa kuyaacha, wamefanana kiasi kwamba majirani waliwasalimu kwa pamoja ili wasikosee. Ni desturi yetu pia. Ukimsalimu pacha mmoja, msalimu na mwenzake. Ukimnunulia mmoja shati, nunua mawili. Mmoja akiugua, wote wawili wanalamba dawa. Anayempa mmoja na kumnyima mwingine anatafuta msiba. Walipofika miaka ishirini Mama Mapasa aliwaleta studio, yeye kwenye kiti, wao wamesimama nyuma na mashati yaleyale, ukitazama picha Pierre yuko kulia, Paul yuko kushoto. Ilikuwa picha moja tu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupigapiga picha. Baada ya hapo Pierre akaingia jeshi la taifa. Paul akaenda Dilolo, mpakani kabisa, kutafuta kazi ya reli kwa baba yake mdogo, ambaye alikuwa mmoja wa askari wale wa zamani. Baba mdogo akavuka kwenda Angola. Paul akavuka naye. Pierre naye akatumwa Angola, kupigana na watu wa aina ya Paul.

Siku moja Mwamba akasimama mbele ya picha hiyo, ukutani kwa Mama Mapasa. Mama Mapasa mwenyewe alitusimulia kesho yake, akiwa amesimama mbele ya meza yetu na picha imefungwa kwenye kitenge.

"Akaniuliza, huyu ni nani? Nikasema, ni Pierre, mutoto wangu, eko askari. Akasema, na huyu? Nikasema, ni Pierre."

"Pierre wawili?" Papa Kitenge akauliza.

"Njo vile aliniuliza. Nikamuambia, mashini ya photo iliharibika, citoyen. Ilimupiga mara mbili."

Papa Kitenge aliinama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Aliporudi juu macho yake yalikuwa na machozi ya kicheko. "Na akakubali?"

"Akaangalia, akaangalia. Akasema, naona, ni kosa ya mashini. Basi barekebishe. Askari wa taifa haiko wawili. Yeye atarudia kwangu Jumapili." Hapo sauti yake ikabadilika. "Papa, kama anajua Paul eko wapi, batamufunga Pierre. Batasema ni mupelelezi. Mumutoshe. Mumutoshe ile ya kushoto."

Akatuomba neno moja zaidi: tusitamke jina la Paul tukiwa tunamwondoa. Kumwondoa pacha mmoja na kumwacha mwingine kulikuwa kosa tayari, na kumwita kwa jina wakati wa kufanya hivyo kungekuwa kumwita kwenye kifo. Tukaheshimu. Kwenye bahasha ya negatifu Papa Kitenge aliandika "wa kushoto", basi.

Sasa nisikilizeni. Wakati huo nilikuwa na mwaka wa pili kazini na nilikuwa nimeanza kujiona. Wateja walisema mkono wa Ngoie hauonekani. Nilichukua filamu nikaigeuza mara moja, nikaigeuza mara ya pili, na ya tatu nikaiacha, kwa sababu ujinga niliuona ni wa wengine. Nikaweka ile picha ya karatasi pembeni, nikatazama nani yuko kushoto, nikamkwangua aliye kushoto mezani kwangu. Nilikwangua asubuhi yote. Nikachora pazia pale aliposimama, pazia zuri lenye mikunjo. Nilijipongeza. Nilipoitoa picha kwenye chumba cha giza na kuiweka ikauke karibu na ile ya zamani, nikaona kwamba aliyebaki ni yule wa kushoto. Nilikuwa nimemkwangua Pierre, askari wa taifa, na kumwacha Paul, mkomunisti.

Filamu ilikuwa hiyo moja. Niliketi chini sakafuni. Halafu nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Niliigeuza negatifu kwenye mashine ya kukuzia, nikachapa upya, na Paul akahamia upande wa kulia, mahali pa Pierre. Sura ni ileile, shati ni lileile. Nani angejua? Niliiweka ikauke, nikaanza kupiga mluzi.

Papa Kitenge akapita, akasimama, akairudia ile picha. "Ngoie. Pete ya huyu mama iko mukono gani?"

"Ya kuume, Papa."

"Hapa alikuya na pete mukono ya kushoto."

Nikampa negatifu. Alitazama filamu, upande mmoja, wa pili, halafu wa kwanza tena. Mara tatu. Nilitamani anipige. Aliketi kwenye kiti changu akachukua penseli yangu na kuanza kuichonga, ingawa ilikuwa imechongwa tayari. "Utamuambia weye," akasema mwishoni. "Wembe ilikuwa mu mukono yako."

Mama Mapasa alikuja Jumamosi. Aliishika picha kwa mikono miwili akaitazama muda mrefu sana, na mimi nikatazama viatu vyangu. "Merci, mwanangu," akasema. Akaifunga kwenye kitenge akaenda. Sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia Jumapili ikishapita salama. Jumapili Mwamba alikuja kwake, akaridhika sana na ufundi wa studio, na ile picha ya zamani ya watu watatu akaichukua ili ikachomwe, kwa sababu kosa la mashine halipaswi kubaki mikononi mwa raia.

Ningemwambia wiki iliyofuata, kama Mwamba hangerudi, safari hii studio, akiwa na wazo. Chama kilikuwa kinaandaa maandamano ya kulaani ukomunisti na kila avenue ilipaswa kubeba picha ya shujaa wake. Alitaka uso wa Pierre, ukuzwe urefu wa mlango, na avalishwe nguo za jeshi. Mmesikia vizuri. Nilikaa siku tatu nikimchorea Paul kofia ya jeshi la taifa, mabega yenye alama, na vifungo. Karatasi ya ukubwa huo ilibidi itafutwe upande wa Zambia, ikapitishwa mpakani Kasumbalesa chini ya magunia ya unga. Kila nilipopaka rangi nilimwona Paul akinicheka.

Wakambeba mitaani kutwa nzima, ngoma mbele, watoto wa shule nyuma. "Bakomunisti bafe!" walipiga kelele, chini ya uso wa mkomunisti. Mwamba alitembea karibu naye akimpigia saluti kila kona. Kaka yangu alikuwa ameshika mti wa kulia wa kuibebea picha. Upande mmoja wa barabara watu walipiga makofi. Upande wa pili wanawake waliokuwa na wana huko vitani waligeuka wote, wakawapa migongo. Mtu akarusha tope, mwingine akarusha jiwe, na vijana wa chama wakaanza kupigana na vijana wa reli, majirani kwa majirani, watu waliobatizwa siku moja. Baba alifunga dirisha. Papa Kitenge alisimama mlangoni akamtazama shujaa akipita juu ya vichwa.

"Photo ni muzuri," akasema. "Paka Pierre mwenyewe njo haiko."

Vita tukashindwa. Hawakutuambia hivyo, tuliona tu wavulana wakirudi kwa miguu kutoka magharibi, wembamba, bila bunduki, wengine bila viatu. Radio iliacha kusema neno Angola na badala yake ikacheza muziki. Halafu wateja wakaanza kurudi. Wale waliomwondoa mjomba walitaka arudishwe, kwa sababu sasa alikuwa mshindi na pengine angekuja. Nilikuwa nawaeleza juu ya wembe. Hawakunielewa. Walidhani mtu aliyetolewa anahifadhiwa mahali fulani kwenye kabati.

Pierre hakurudi. Mama Mapasa alikwenda ofisi ya jeshi, kisha ya chama, kisha tena ya jeshi. Aliuliza mwanawe yuko wapi, kama amekufa, kama kuna karatasi. Walimwuliza, "Askari gani? Vita gani, mama? Siye hatukutuma mutu." Alikwenda kwa Mwamba, aliyempigia saluti Pierre kila kona ya Kamalondo. Mwamba alimwambia hakumbuki vizuri. Ile picha kubwa alikuwa ameikata akafunikia madirisha yaliyovunjika. Siku ile nilimchukia mtu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na mpaka leo sijatubu.

Na bado sikumwambia. Sasa ningemwambia nini? Kwamba hana hata sura yake? Nilikuwa nakwepa soko la Kenya, nanunua samaki mbali, kwa bei mbaya, samaki wabaya. Papa Kitenge hakunisukuma. Alizeeka, mikono ikamtetemeka, akaniachia meza ya wembe na ile ya kamera pia. Siku chache kabla ya kufa aliniita kitandani nikadhani ataniusia kitu kikubwa. Aliniuliza kama nimemwambia yule mama. Nikasema bado. Akageukia ukuta.

Miaka ikapita ya picha za pasipoti, ubatizo na komunyo, ambayo sitawachosha nayo. Halafu Rais akatangaza kwamba vyama vingine vinaruhusiwa na tai zinaruhusiwa. Wakubwa wote wakarudi studio wakikimbia, safari hii mlango wa mbele, wakitaka tai zirudishwe. Mwamba alikuwa wa tatu kwenye foleni. Sasa alikuwa wa upinzani, na alinieleza jinsi alivyopinga vita ile tangu mwanzo. Nikamchorea tai fupi kuliko zote nilizowahi kuchora, inaishia juu ya kitovu, na akaenda nayo kwa furaha.

Mwezi huohuo mwanamume mmoja akaingia kupiga picha ya kitambulisho. Nywele zilikuwa na mvi, Kiswahili chake kimechanganyika na Kireno. Nilimweka kwenye kiti, nikainama nyuma ya kamera, na nikaona ule uso. Nilikuwa nimeuvalisha kofia ya jeshi. Nilijua kila kivuli chake.

"Weye njo mama Ngoie?" akaniuliza. "Régine?"

"Njo mimi."

"Mi ni Paul. Mama anakusalimia. Anasema uliisha kumukimbia miaka ya kutosha, sasa uje, sababu magoti yake haiwezi tena kukufuata."

Nilifunga studio mchana kweupe. Nilimkuta Mama Mapasa kwenye mkeka uani kwake, mdogo, macho makali. Sikungoja hata maji ya kunywa. Nilipiga magoti.

"Mama, mi nilikosea. Ile siku, mi nilimutosha Pierre. Ule wa pa ukuta ni Paul. Nikageuza photo kusudi usijue. Unihurumie."

"Najua," akasema. "Tangu ile siku uliangaliaka viatu yako."

"Uliona pete?"

"Pete gani? Mi ni mama yabo."

Paul alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwuliza mama yake kwa nini, basi, alinyamaza, kwa nini hakunitukana, kwa nini aliitundika. Alipangusa mkeka kwa kiganja.

"Pierre alikuwa na Rais," akasema. "Alikuwa na radio, na commandant, na nguo ya serikali. Bantu bote balikuwa banamuimba. Paul alikuwa paka na mimi. Nikasema, muache Paul abakie pa ukuta ya mama yake, Pierre eko na bantu yake bengi, bataniletea yeye na photo yake kubwa. Niliwaza vile." Akatikisa kichwa. "Bale bantu yake banasema habamujue. Mi njo nilimugawa mbaya. Weye ulikosea na wembe. Mi niliona, nikaitika."

Nililia. Yeye hakulia, alimwambia Paul alete picha. Paul aliitoa ukutani akamwekea mapajani. Ilikuwa imefifia, ila pazia langu bado lilikuwa zuri, na nikaona aibu jinsi lilivyokuwa zuri.

"Weye ulikaa naye siku muzima," akasema. "Hakuna mutu tena alimuangalia vile. Uliisha kumumaliza yote? Hakuna kintu yake ilibakia? Hata kidogo?"

Nilitaka kusema hakuna. Kisha nikakumbuka jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata Papa Kitenge. Nilichukua picha nikaitafutia mwanga. Kwenye bega la mama lililo upande wa pazia, kitambaa cha blauzi kilikuwa na mikunjo iliyolala pamoja.

"Hapa, mama. Mukono yake ilikuwa juu ya bega yako. Nilishindwa kuikwangua, ningekukwangua na weye. Nikapitisha penseli juu, ifanane na mukunjo ya nguo. Lakini chini ya penseli ni yeye. Ni vidole vyake."

Aliisogeza picha karibu na macho. Akaweka ncha ya ukucha juu ya mkunjo wa kwanza, bila kuugusa.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu. Ine." Akanitazama. "Na kidole ya gumba?"

"Iko nyuma, mama. Kwa mugongo. Haionekane."

Akanyanyua mkono wake taratibu, akaupitisha juu ya bega, akaushusha mgongoni mpaka ulipofika, akaushikilia hapo.